Mbegu Zilizotoka Tanga

Kuna ua dogo la rangi ya zambarau ambalo kwa zaidi ya miaka mia moja limekaa katika madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani. Majani yake ni mazito na yana manyoya laini kama sikio la ndama. Halipendi jua kali, halihitaji nafasi kubwa, na likitunzwa vizuri huchanua karibu mwaka mzima, hata nje kukiwa na theluji. Wajerumani huliita ua la Usambara. Waingereza wanaliita kwa jina la bara zima la Afrika. Wengi wanaolimwagilia maji kila asubuhi hawajui Usambara ni wapi, na wengi wetu tuliozaliwa chini ya milima hiyo hatujui kwamba ua hilo ni letu.

Nasema ni letu kwa maana moja tu, nayo ni kwamba kwa asili yake halioti mahali pengine duniani. Makao yake ni milima ya mashariki ya Tanzania, mawe ya chokaa ya pwani ya Tanga, na sehemu chache za Kenya. Limezoea kushika nyufa za miamba yenye kivuli na unyevu, mara nyingi kandokando ya vijito. Si ua la msimu mmoja. Mche mmoja huishi miaka mingi juu ya mwamba uleule, ukitoa maua na mbegu, mradi kivuli kisiondoke.

Historia ya ua hili imeandikwa mara nyingi, lakini aghalabu imeandikwa kama hadithi ya safari yake, yaani nani alilipeleka, nani alilipa jina, nani aliliuza. Mimi napenda kuieleza kwa kuuliza swali jingine. Lilipoondoka, liliacha nini nyuma?

Wa kwanza kulikusanya hawakuwa wafanyabiashara wa maua. Mwaka 1884 Sir John Kirk, balozi wa Uingereza huko Unguja, alipata mmea huu na kuupeleka katika bustani ya Kew, London. Huyu ndiye Kirk aliyekuwa daktari na mtaalamu wa mimea katika msafara wa Livingstone wa mto Zambezi, na ndiye aliyeshughulikia mkataba wa mwaka 1873 ambao kwa huo Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1887, padri mmoja Mwingereza, William Ernest Taylor, naye akapeleka mmea huo. Wapenzi wa Kiswahili wanalijua jina la Taylor kwa sababu nyingine. Ndiye aliyekusanya methali za Waswahili na kuzichapisha mwaka 1891, na ndiye aliyehangaika kuandika mashairi ya Muyaka wa Mombasa, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, kabla wazee waliokuwa wakiyakumbuka kwa moyo hawajafariki. Mkono uliookota methali ndio uliookota ua. Lakini ua la Kirk na la Taylor lilikauka katika karatasi za hifadhi ya mimea, likakaa bila kupewa jina.

Lililobadili mambo ni mbegu. Mwaka 1888 watu wa pwani waliinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani iliyotaka kutawala bandari zao. Kiongozi wao mkuu, Abushiri bin Salim, alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka 1889, na mwanzoni mwa mwaka 1891 serikali ya Kijerumani ikashika nchi rasmi. Katika utawala huo mpya, Tanga ilipewa mkuu wa wilaya aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire. Naye pia alikuwa mtu wa lugha. Mwaka 1890 alikuwa amechapisha kitabu cha kuwafundisha Wajerumani Kiswahili, ili waweze kuamuru, kuuliza na kuhukumu bila mkalimani. Mwaka 1892 aliliona ua hili katika nyufa za mawe ya chokaa, kiasi cha mwendo wa saa moja kutoka mjini Tanga, na vilevile juu zaidi, katika msitu wa Usambara. Akampelekea baba yake mbegu.

Baba alikuwa mpenzi wa mimea aliyeishi Fischbach, katika nchi ya Silesia ambayo leo iko Poland. Mbegu ziliota. Mimea ikafika mikononi mwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za kifalme za Herrenhausen mjini Hannover, na mwaka 1893 Wendland akaliandika ua hilo kwa jina la kitaalamu, Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni heshima kwa ukoo wa Saint Paul. La pili ni Kigiriki, likimaanisha ua linalofanana na urujuani. Katika jina lote hilo hakuna neno moja la Kishambaa, la Kibondei, la Kidigo wala la Kiswahili, ingawa aliyeliokota ua alikuwa ameandika kitabu cha Kiswahili.

Sitaki msomaji adhani kwamba namlaumu mtu kwa kupenda ua. Kupenda ua si dhambi. Nataka tu tuutazame mwaka huo 1893 kwa makini, kwa kuwa ulikuwa mwaka mkubwa kwa Tanga. Ndio mwaka ambao reli ya Usambara ilianza kujengwa kutoka bandarini, reli iliyofika Moshi mwaka 1911. Ndio mwaka ambao mkonge uliingia nchini. Dk. Richard Hindorf aliagiza vitoto 1,000 vya mkonge kutoka Florida, vikapitia Hamburg, na vilivyofika hai vilikuwa 62 tu. Kutokana na vitoto hivyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyolijaza bonde la Pangani na nyika ya Tanga, yakaleta manamba kutoka pande zote za nchi, yakazaa miji, vyama vya wafanyakazi, nyimbo na yatima. Kwa hiyo katika muda mfupi ua moja liliondoka Tanga na mmea mmoja uliingia. Ua lilikwenda kupamba madirisha ya wageni. Mkonge ulikuja kuchukua ardhi, na penye mkonge hapana kivuli.

Huko Ulaya ua letu lilipokewa kwa shangwe. Mwaka huohuo 1893 lilionyeshwa katika maonyesho ya maua ya Ghent, Ubelgiji. Nyumba ya mbegu ya Ernst Benary, mjini Erfurt, ikachukua kazi ya kulizalisha na kuliuza. Mwaka 1894 muuza maua mmoja wa New York akalivusha bahari, ingawa halikushika sana wakati ule. Ilikuwa mwaka 1926 ndipo wakulima wa kampuni ya Armacost na Royston mjini Los Angeles walipoagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, wakazipanda, na katika miche mingi iliyoota wakachagua kumi iliyowapendeza zaidi. Mmoja waliuita 'Blue Boy', mwingine 'Sailor Boy', na kadhalika. Kutokana na hiyo kumi yametoka mengi ya maelfu ya aina zinazojulikana leo. Mwaka 1946 wapenzi wake Marekani wakaunda chama chao, na chama hicho kina maonyesho, majaji na vikombe mpaka leo.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha historia hii. Wakulima waligundua kwamba hawana haja ya mbegu. Ukikata jani moja pamoja na kikonyo chake, ukalichomeka katika udongo wenye unyevu, baada ya wiki kadhaa litatoa mizizi, na baadaye vitoto, na kila kitoto kitafanana na mama yake kwa kila kitu. 'Blue Boy' wa leo ni jani la jani la jani la 'Blue Boy' wa kwanza. Ni njia nzuri kwa biashara, maana mnunuzi anapata kilekile alichokiona. Mkonge nao ulienezwa hivyohivyo, kwa vitoto vinavyoota juu ya mlingoti na kwa machipukizi ya shinani, bila mbegu. Mimea miwili iliyopishana Tanga, wote ikawa ni mimea inayoongezeka bila ndoa.

Kisa cha kusema hivyo ni nyuki. Ua hili haliwezi kuzaa mbegu kwa urahisi bila kusaidiwa, na msaidizi wake si nyuki yeyote. Ukilitazama kwa karibu utaona katikati vifuko viwili vya manjano vilivyoungana. Humo ndimo mlimo unga wa kiume, ambao walimu wa sayansi wanauita chavua. Lakini vifuko hivyo havipasuki na kumwaga unga wake wazi kama maua mengi yafanyavyo. Vina upenyo mdogo tu kwenye ncha, na ua halina asali hata tone. Nyuki wa mzinga akitua hapo haoni kitu cha kumfaa, huzunguka kidogo akaenda zake. Wako nyuki wengine, wasioishi katika mzinga, ambao kila jike huchimba shimo lake mwenyewe udongoni au hutoboa ukuni. Miongoni mwao wako wanaojua kazi hii. Nyuki wa namna hiyo hulikumbatia ua, hukaza misuli ya mbawa bila kuruka, na kutetema kwa nguvu mpaka chavua humwagika juu ya kifua chake kama unga kwenye chekeche. Utamsikia kabla hujamwona, maana sauti yake hupanda ghafla ikawa kali kuliko ya kuruka.

Kuna jambo jingine la ajabu. Kijiti cha kike cha ua hili hakikai katikati, hupinda upande. Katika ua moja hupinda kushoto, katika jingine kulia. Nyuki aliyechafuka ubavu mmoja kwa ua la kushoto atamgusisha mwenzake wa kulia mahali panapostahili. Ndivyo ua linavyojitahidi kuolewa na jirani badala ya kujioa lenyewe. Mwaka 2008 mtafiti wa wadudu kutoka Kenya, Dino Martins, alichapisha aliyoyaona kwa kukaa na kuyatazama maua haya katika milima ya Taita. Hebu fikiri: tangu mwaka 1893 ua lina jina, na vitabu vya namna ya kulitunza dirishani vimejaa maktaba, lakini ilibidi tungoje zaidi ya miaka mia moja mpaka mtu akae mbele ya mwamba na kuandika nani hasa hulitembelea nyumbani kwake.

Basi jibu la swali langu ni hilo. Ua lilipoondoka lilimwacha nyuki. Dunia ilichukua rangi, ikachukua majani laini, ikachukua uvumilivu wake wa kukaa ndani ya nyumba; haikumchukua nyuki, na wala haikumhitaji. Mtu wa Ulaya anayetaka mbegu hukipasua kifuko cha manjano kwa wembe, akapaka chavua kwa ncha ya kidole. Aina nyingine za siku hizi zimejazwa petali mpaka nyuki asingepata mahali pa kushika.

Mimi nilifundisha shule Muheza kwa miaka mingi, na baada ya kustaafu nilitaka kuliotesha ua hili kwa njia yake ya asili, yaani kwa mbegu. Si kwamba jani linashindwa. Jani lingenipa ua kwa haraka zaidi. Lakini jani hunipa ua moja lililokwisha kuwapo, na mbegu hunipa ua ambalo halijapata kuonekana. Miche mia ya mbegu ni watu mia wa ukoo mmoja: mmoja atavumilia ukame kidogo zaidi, mwingine atavumilia ukungu, mwingine atachanua mapema. Ikiwa hali ya mvua inabadilika, kama sote tunavyoona, ni afadhali mwamba uwe na ndugu mia wanaotofautiana kuliko nakala mia za mtu mmoja.

Mbegu nilipewa na mzee mmoja mwenye shamba la iliki na migomba huko milimani. Katika shamba lake mwenyewe, chini ya mvule mkubwa, kuna mwamba unaopitiwa na kijito, na mwamba huo umevaa maua haya upande mmoja wote. Aliniletea matunda mawili yaliyokauka ndani ya karatasi ya daftari. Tunda lenyewe ni jembamba, halizidi ukucha kwa urefu, na limechukua miezi mingi kukomaa. Nilipolipasua juu ya karatasi nyeupe, kilichotoka kilifanana na ugoro. Ukipiga chafya umepoteza mamia ya mbegu.

Nitaeleza nilivyofanya, maana huenda msomaji akapenda kujaribu. Nilichukua mboji ya majani yaliyooza, nikaichekecha, nikaichanganya na mchanga mwembamba wa mtoni, nusu kwa nusu. Nikaimwagia maji yanayochemka ili kuua ukungu na mayai ya wadudu, nikaiacha ipoe usiku kucha. Nikaijaza katika sinia la bati lenye matundu chini. Mbegu nikazichanganya na mchanga mkavu kidogo, nikazinyunyiza juu kwa karatasi iliyokunjwa. Hazifukiwi. Mbegu ndogo kiasi hicho huhitaji mwanga ili ziamke; ukizifunika kwa udongo umezizika. Nikafunika sinia kwa kioo, nikaliweka barazani mahali penye mwanga lakini jua halifiki. Maji sikumwagia juu, bali nililiweka sinia ndani ya beseni lenye maji kidogo ili udongo unywe kutoka chini.

Wiki ya tatu niliona vumbi la kijani. Nilidhani ni kuvu la ukuta, mpaka nilipotazama kwa miwani ya kukuza na kuona majani mawilimawili. Kuanzia hapo kazi yote ni subira. Kila siku nilifungua kioo kwa dakika chache ili hewa iingie. Baada ya miezi mitatu hivi, miche ilipokuwa na upana wa punje ya mahindi, niliihamisha mmoja mmoja kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, nikaipanda katika makopo. Mwezi wa kumi ua la kwanza likafunguka. Lilikuwa jepesi kwa rangi kuliko yale ya mwambani, na la pili lilikuwa jeusi zaidi. Hakuna mawili yaliyolingana kabisa.

Sikutaka kuyasaidia kwa kidole. Niliyapanga makopo upande wa kivulini wa nyumba, karibu na bustani ya mboga, nikangoja. Nyuki wa asali walipita, wakatua, wakaondoka bila kitu. Siku nyingi zilipita hivyo. Kisha asubuhi moja, kabla jua halijawa kali, nilisikia mlio mfupi, mkali, kisha kimya, kisha mlio tena. Alikuwa nyuki mnene wa kahawia, mdogo kuliko wale weusi wanaotoboa boriti za nyumba. Alitembelea maua manne, akaenda moja kwa moja kwenye bilinganya zangu, akafanya kazi ileile kwa mlio uleule. Baada ya wiki mbili niliona vitunda vinaanza kunyooka juu ya vikonyo viwili.

Bilinganya zile zilinisaidia baadaye kujibu swali gumu. Nilipokwenda kumwonyesha yule mzee miche yake, na kumwomba nirudishe sehemu yake kwenye mwamba uleule ilikotoka, aliniuliza, kwa heshima lakini bila kuzunguka:

"Mwalimu, ua hili linaliwa?"

"Haliliwi, mzee wangu."

"Ni dawa?"

"Sijasikia kwamba ni dawa."

"Basi lina kazi gani?"

Nilielewa kwa nini anauliza. Kulikuwa na mfanyabiashara wa mbao aliyekuwa amekwisha kuupima ule mvule kwa kamba, na bei aliyoitaja ilitosha kumlipia mjukuu wa mzee huyo karo ya chuo kwa mwaka mzima. Mvule ukiangushwa, jua la saa sita litaufikia mwamba, na katika misimu miwili ya kiangazi ukuta wote wa maua utakuwa jiwe tupu. Kwangu mimi swali la kazi ya ua lilikuwa la kitabuni. Kwake lilikuwa na bei, na bei hiyo ilikuwa mtoto.

Sikumwambia asiukate. Mti ni wake, na mjukuu ni wake. Nilimweleza habari za nyuki. Nilimwambia kwamba ngogwe, bilinganya na nyanya zina vifuko vya unga vya namna hiyohiyo, vinavyotoa unga wake kwenye ncha tu, na kwamba nyuki wanaojua kutetema ndio wanaozipa matunda mengi na mazuri. Nyuki hao hawafugwi katika mzinga. Hawawezi kununuliwa. Wanaishi ardhini na katika kuni zilizolala, na ngogwe zinapomalizika hawana budi kupata chakula mahali pengine, katika maua ya mwitu yanayochanua wakati mazao hayachanui. Ua la mwambani ni mojawapo tu ya maua hayo, tena dogo. Lakini ni la kudumu. Liko pale mwaka baada ya mwaka.

Mzee alinyamaza, kisha akasema kwamba huyo nyuki anamjua. Tangu utotoni alikuwa akimsikia asubuhi katika ngogwe za mama yake, na alidhani analia kwa hasira. Mwishowe aliuza mvule mwingine uliokuwa upande wa barabara, kwa bei ndogo zaidi, akaongezea kwa iliki. Ule wa mwambani umesimama. Siwezi kumhakikishia msomaji kwamba utasimama daima, maana karo haiishi mwaka mmoja, na wafanyabiashara hawasahau mti walioupima.

Nimesimulia habari za mwamba mmoja, lakini ndivyo ilivyo katika miamba yote. Milima ya Usambara Mashariki ilikatwa kwa ajili ya kahawa wakati wa Wajerumani, kisha kwa ajili ya chai, kisha kwa mbao. Katika miaka ya 1970 na 1980 misumeno ya mashine iliingia mpaka kwenye miteremko mikali, na kilio cha watu waliojua thamani ya msitu kilisaidia kuisimamisha. Mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, pale pale Wajerumani walipoanzisha taasisi yao ya utafiti wa kilimo mwaka 1902. Huko ua lina mlinzi. Lakini sehemu nyingine limebaki kama mkimbizi. Huko Taita aina yake moja haipatikani ila katika msitu wa Mbololo. Karibu na Kaloleni, nyuma ya pwani ya Kenya, aina nyingine imebanwa katika miamba michache ya chokaa iliyozungukwa na mashamba. Na mawe ya chokaa karibu na Tanga, yale ambayo mbegu za mwaka 1892 zilitoka, yako jirani na mji unaokua na unaohitaji kokoto na chokaa.

Wataalamu nao hawajatulia kuhusu jina. Zamani walihesabu aina ishirini hivi. Mwaka 2006 wakazikusanya kuwa sita. Na mwaka 2015 wakaamua kwamba Saintpaulia si jamii ya peke yake bali ni tawi la jamii kubwa iitwayo Streptocarpus. Jina la yule mkuu wa wilaya limeshushwa cheo. Sikufurahi wala sikusikitika. Majina yanayotolewa katika ofisi yanaweza kufutwa katika ofisi. Kinachonifikirisha ni kwamba mwaka 1992, miaka mia kamili baada ya bahasha ile kuondoka Tanga, mataifa yalikutana Rio de Janeiro yakakubaliana katika mkataba kwamba nchi ina haki juu ya mimea na wanyama wake, na kwamba faida inayotokana nayo igawanywe kwa haki. Ni neno jema. Lakini hakuna mkataba unaoweza kuzirudisha mbegu za Saint Paul, na hata zingerudi, zingerudi bila nyuki, kama kijana aliyekulia ughaibuni akarudi hajui lugha ya bibi yake.

Kwa sababu hiyo nawasihi wanaotaka kupanda ua hili huku kwetu wazingatie mambo mawili. La kwanza, wasinunue maua ya dukani yaliyotoka ng'ambo na kuyapanda karibu na miamba ya asili. Ua hili huchanganyika na ndugu zake kwa urahisi sana, na baada ya muda mfupi hatutajua tena lipi lilikuwa la mwamba upi. La pili, wasing'oe mimea mwituni. Tunda moja, kwa ruhusa ya mwenye shamba, na kwa idhini ya wenye mamlaka palipo na hifadhi, linatosha kujaza baraza la nyumba. Na kila mwamba urudishiwe mbegu zake wenyewe.

Taylor aliandika methali zetu kwa kuwa aliona wanaozijua wanakufa. Alizipata kwa wazee, akaziandika vizuri, na tunamshukuru. Lakini methali haikai hai kwa kuwa imo kitabuni London. Inakaa hai kwa kuwa leo asubuhi mama mmoja wa Mombasa amemwambia mwanawe, na mtoto ameielewa. Ua nalo ni hivyo. Madirishani huko ng'ambo limehifadhiwa, na pengine halitapotea kamwe. Lakini kule limehifadhiwa kama neno katika kamusi. Kusemwa kwake ni huku, juu ya jiwe lenye unyevu, chini ya mti ambao bado haujauzwa, na anayelisema ni nyuki mmoja wa kahawia asiyejua kwamba ua lake limekuwa maarufu.